Mikono ya Julie, Jina la Clotilde

Panda, Likasi
4 Februari 1962

Mama Clotilde mpendwa,

Sista Anne anakuja huko kambini Jumanne na dawa, na amesema bahasha moja haitavunja begi lake. Ndiyo maana nakuandikia. Unanijua: nikisimama mbele za watu mdomo hujifunga wenyewe, lakini mkononi nikiwa na kalamu sina aibu. Mama ameketi kando yangu anamenya mihogo na kuniambia niandike nini. Naandika nusu tu, maana nusu nyingine ni utani ambao Sista akiusoma nitafukuzwa shule.

Tunakukumbuka. Tangu vijana wenye fimbo walipopita nyumba kwa nyumba Septemba wakisema watu wa Kasai warudi kwao, nyumba yenu imekaliwa na familia nyingine, watu wapole, lakini mwanamke yule haimbi. Kwaya ya akina mama imebaki na sauti za juu tu. Padri Barthélemy alisema Jumapili iliyopita kwamba Kyrie yetu inafanana na kuku aliyefungwa miguu. Mama alicheka kanisani, tumbo likamtikisika mpaka akashika benchi.

Ndiyo, tumbo. Mtoto atakuja karibu na Pasaka. Mama anakumbusha ulivyomwambia siku ya harusi ya dada yake, kwamba mtoto atakayefuata ni wako wa ubatizo, utake usitake. Anasema: “Umwandikie, minye sikusahau. Yeye njo marraine. Yee peke.” Nimeandika kama alivyosema.

Basi tunaomba neno lako. Je, bado unakubali kuwa marraine, mama wa ubatizo wa mtoto wetu? Na Papa Germain hajambo? Mwambie bado nasoma kile kitabu cha nyota alichonipa, na kwamba ramani ya ukurasa wa mwisho nimeielewa hatimaye.

Baba ametoka zamu ya kiwanda cha Shituru amechoka, amelala. Ningemsubiri naye aseme salamu, lakini Sista hangoji.

Mwanao,
Élise Mwansa


Kambi ya wakimbizi, Elisabethville
20 Februari 1962

Élise mwanangu,

Barua yako nimeisoma nikiwa kwenye foleni ya unga, na mwanamke wa nyuma yangu akauliza ninacheka nini. Nikamwambia, kuku wa Panda amefungwa miguu. Hakuelewa, lakini akacheka, maana hapa mtu hakatai kicheko cha bure.

Nimefika salama na ninaishi. Tumejengewa vibanda vya turubai na mabati, vimebanana kiasi kwamba jirani akikohoa mimi naona haya. Mvua ikinyesha matope yanaingia kama mgeni asiyebisha hodi. Lakini tuna misa. Padri mmoja anakuja, meza yake ni masanduku mawili, na kwaya nimeianzisha. Tuna sauti za chini nyingi kupita kiasi. Ningekuwa na namna, ningewatumia ninyi wanne na kuchukua wanne wenu.

Kuhusu mtoto. Mwambie mama yako Suzanne nimefurahi, na kwamba ninamwombea kila asubuhi ajifungue bila shida. Lakini sitaweza kuwa mama wa ubatizo. Mama wa ubatizo anatakiwa awe karibu, amshike mtoto, amfundishe ishara ya msalaba, amwonye akiwa mtundu. Mimi niko mbali, na pengine nitakwenda mbali zaidi. Mchukueni Mama Julie, mke wa kapita anayesimamia zamu ya baba yako. Ni mwanamke mwema, na ana sauti nzuri akitaka.

Usiniulize tena, mwanangu. Ukimsomea mama yako mstari huu, usome polepole.

Mama yako Clotilde


Panda, Likasi
4 Machi 1962

Mama Clotilde,

Naandika peke yangu, shuleni, wakati wa somo la ushonaji. Sista anadhani nachora mfano wa mshono.

Nilimsomea Mama barua yako polepole kama ulivyosema. Alikwenda kuteka maji ingawa ndoo ilikuwa imejaa.

Naomba unisamehe nikisema ninachofikiri. Nafikiri umetukasirikia. Nafikiri ni kwa sababu ya siku ile mlipopakia vitu kwenye lori. Watu walikuwa wanapiga kelele, Papa Germain alikuwa anainua kitanda peke yake, na Baba hakutoka. Alisimama nyuma ya dirisha. Mimi pia nilisimama, nyuma yake. Sijawahi kumwuliza kwa nini. Siku hizi yeye naye anamtaja Mama Julie. Juzi mezani alisema kwamba mtoto aliyebatizwa kwa jina la mke wa kapita hatasumbuliwa na mtu, lakini jina la Kasai likisomwa kanisani mwezi huu, litatoka kanisani na kutufuata nyumbani. Mama akamjibu: “Augustin, mutoto anabatizwa mu maji, hapana mu kazi yako.” Wakaendelea kula.

Sasa sikiliza. Nimetafuta kwenye kitabu kikubwa cha katekisimu kilichopo maktaba ya Masista. Kinasema mama wa ubatizo anaweza kuwa mbali. Mtu mwingine anasimama mahali pake, anamshika mtoto kwa niaba yake, lakini mama wa ubatizo ni yule aliyetajwa, siyo yule aliyeshika. Nilitaka kuhakikisha. Nikaenda kwa Padri Barthélemy baada ya misa. Nilisahau maneno yote niliyokuwa nimeyapanga, nikamwonyesha ukurasa kwa kidole. Alisoma, akaniangalia juu ya miwani, akasema ni kweli, Kanisa linaruhusu, mradi mama wa ubatizo mwenyewe aandike kwamba amekubali.

Mama Marcelline wa chama cha Legio ya Maria alikuwa anapanga maua. Alisikia. Alisema Padri asilete siasa kwenye kisima cha ubatizo. Padri akamwambia siasa imeshaingia zamani, ilikuja na fimbo, na yeye anajaribu tu kuitoa. Mama Marcelline alipanga maua yote upande mmoja wa altare kwa hasira.

Kwa hiyo umbali siyo kizuizi tena. Kama ni hasira, niambie, niweze kujua. Mama hajui kwamba nimekuandikia haya.

Élise


Kambi ya wakimbizi, Elisabethville
18 Machi 1962

Élise,

Barua hii usiisome kwa sauti. Usiisome jikoni. Mama yako asiione mpaka atakapokuwa na mtoto mikononi.

Papa Germain alifariki mwezi wa kwanza. Aliharisha damu, kama wengi hapa, na alikuwa na nguvu mpaka siku ile hakuwa nazo tena. Tulimzika nyuma ya kambi. Kwaya iliimba. Hizo sauti za chini nilizokuambia, ndizo zilimsindikiza.

Ulipouliza habari zake nilikaa na kalamu muda mrefu. Ningekuambia, ungesoma, na Suzanne angesikia akiwa na mimba kubwa. Kwetu mjamzito hapelekewi habari ya kifo cha mtu wa karibu, na kwenu vilevile, hata kama wanasema hatufanani. Basi nikanyamaza. Nilijua utaona nimeruka jina lake. Ulikuwa mtoto wa kuona vitu vilivyorukwa hata ulipokuwa mdogo.

Sasa unajua kwa nini nilikataa. Mimi ni mjane ambaye hajatolewa matanga. Watu wa Germain ndio wanaopaswa kunitoa, mama yake na shemeji zangu, nao wako Kasai. Mpaka siku hiyo simshiki mtoto mchanga. Hapa kambini mwanamke wa kibanda cha pili amejifungua. Nampikia, lakini chakula anakichukua mtoto wake mkubwa mlangoni, mimi siingii. Padri wa hapa ananiambia huo ni ushirikina. Labda. Nimesali kuhusu jambo hili. Kichwa changu kinamkubali Padri, lakini mikono yangu bado haijakubali. Mtoto wa Suzanne akipata homa hata ya siku moja, nitasema ni mimi.

Unasema mtu mwingine atamshika. Lakini jina litakuwa langu, na sijui kama jina la mjane ni safi kuliko mikono yake. Hilo sikulikuta kwenye katekisimu.

Kuhusu dirisha. Nilimwona baba yako. Germain pia alimwona. Akaweka kitanda chini, akafuta jasho, akasema: “Augustin iko na batoto.” Akakiinua tena kile kitanda. Mimi nilikuwa na hasira mpaka nusu ya njia, halafu nikachoka nayo. Usimchukie baba yako kwa ajili yetu.

Mchukueni Julie.

Clotilde


Panda, Likasi
15 Aprili 1962, Jumapili ya Matawi

Mama Clotilde mpendwa,

Pole. Naliandika neno hilo na naona ni dogo. Nililia chooni shuleni ili nisionekane, na nyumbani nikasema vumbi la Shituru limeniingia machoni. Nilikaa na habari yako tangu ilipofika mpaka juzi. Mama alinitazama mara nyingi. Aliniuliza kama nimependa mvulana. Nikakubali ili aache kuuliza, na sasa kuna mvulana ambaye hayupo ninayetakiwa kumleta nyumbani asalimie.

Mtoto amezaliwa Jumanne. Ni msichana. Ana nywele nyingi na sauti ambayo kwaya inaihitaji. Mama hajambo.

Siku ya tatu nilimsomea barua yako yote, pamoja na habari ya dirisha, kwa sababu sikujua niruke wapi. Baba alikuwa mlangoni anavua viatu. Aliisikia yote. Mama alilia kilio kile cha sauti, majirani wakaja, na Baba akawaambia, “Tumefiwa. Ndugu yangu Germain.” Mama Marcelline alikuwa miongoni mwa waliokuja. Aliketi chini na kulia pamoja na Mama, halafu akauliza ni Germain gani. Alipojibiwa hakusimama. Alikaa mpaka chai.

Mama alipotulia alisema nikuandikie hivi, na sijabadilisha kitu: “Kilio iko mu mwili, hapana mu jina. Jina yake walimupatia mu maji, na maji haifiwe. Mikono itakuwa ya mwingine. Clotilde asiniletee magumu, niko na maziwa yananiuma.”

Kisha Baba alivaa viatu tena akaenda kwa kapita. Si kwa kapita mwenyewe, kwa Mama Julie. Sikuyaamini macho yangu. Alimwomba asiwe mama wa ubatizo, bali awe mikono yako tu. Mama Julie alimwuliza kama anajua anachoomba, yeye mke wa kapita amshike mtoto kwa jina la mtu wa Kasai mbele ya parokia nzima. Baba akasema anajua. Mama Julie akasema wewe ulimfundisha yeye kusoma noti za muziki na hukumcheka hata mara moja, ingawa alistahili. Amekubali.

Padri ameweka Jumatatu ya Pasaka. Anasema hatangoja zaidi, mtoto hawezi kukaa bila ubatizo kwa sababu ya ukaidi wa watu wazima. Sista Anne anakuja huko Jumanne na kurudi Alhamisi. Bila neno lako, Julie atakuwa mama wa ubatizo mwenyewe, na mambo yatakwisha hapo. Tunakuomba.

Élise

Mama Clotilde. Ni minye Augustin. Sijui kuandika mingi. Ile siku niliona kitanda inamushinda na nikakaa. Germain alisema kweli lakini aliniachilia kwa rahisi. Unikubalie mutoto.


Kambi ya wakimbizi, Elisabethville
18 Aprili 1962

Suzanne, Augustin, na wewe Élise,

Sista amekaa juu ya ndoo ananingoja, kwa hiyo naandika mafupi. Nimekubali. Karatasi ya Padri iko ndani ya bahasha.

Suzanne, umenishinda kama kawaida yako. Mwite Rosalie, jina la mama yangu, aliyeishi miaka mingi na hakuugua ila mwisho.

Jambo moja. Padri akiuliza mama wa ubatizo ni nani, msimtaje nusu. Msiseme Clotilde tu, kana kwamba ni Clotilde yeyote. Semeni: Clotilde Ntumba, mjane wa Germain Kabongo. Germain aliimba katika kanisa hilo miaka yote, na hakuna aliyesoma jina lake humo alipokufa. Kama mnaogopa, sitawalaumu, ila basi mchukueni Julie moja kwa moja. Sitaki kuingia kwenye kisima hicho kwa mlango wa nyuma.

Augustin, barua yako nimeiweka ndani ya kitabu cha sala.

Tumeambiwa safari za kurudi Kasai zitaanza mwezi wa tano.

Clotilde


Panda, Likasi
24 Aprili 1962

Mama Clotilde mpendwa,

Mama alibaki nyumbani, kama ilivyo desturi kwa aliyejifungua, na nilipaswa kumsimulia kila kitu niliporudi. Kwa hiyo nimeshajizoeza kusimulia, na sasa ni zamu yako.

Kanisa lilikuwa limejaa, maana watu walibaki baada ya misa. Habari ilikuwa imeenea. Mama Julie alikuja na gauni la kijani na kitambaa cheupe, akampokea Rosalie kutoka kwangu, akamshika vizuri sana, kiganja nyuma ya kichwa. Kapita alikuwa benchi la mbele upande wa wanaume. Hakuwa amekataza, lakini alikuwa anamtazama mkewe, na unajua kuna namna ya kutazama.

Padri aliuliza: “Mama wa ubatizo ni nani?”

Mama Julie alifungua mdomo. Hakikutoka kitu. Padri akauliza tena. Alikuwa anataka, naapa, alikuwa anataka, na mikono yake haikumwachia mtoto hata kidogo. Lakini sauti haikuja. Naijua hali hiyo kuliko mtu yeyote Panda. Nyuma mtu akaanza kusema kwa sauti ya chini kwamba Julie amejibu, amekaa kimya, basi ni yeye Julie, Padri aendelee.

Mama Clotilde, sikuamua. Ningeamua ningeogopa. Nilisikia tu mtu anasema, “Clotilde Ntumba, mjane wa Germain Kabongo,” na alikuwa mimi. Sauti ilikuwa kubwa kuliko ilivyohitajika. Rosalie alishtuka akalia. Padri akasema, “Tumesikia,” na akaendelea.

Baada ya hapo kila swali Padri aliloliuliza kabla ya kumimina maji, kama unamkataa shetani, kama unaamini, nilijibu mimi kwa jina lako na Mama Julie akamshika mtoto kwa jina lako, naye alikuwa analia. Padri hakusema kama kitabu kinaruhusu kugawana hivyo. Nitatafuta, lakini siyo wiki hii.

Sitakuficha mengine. Tulipotoka wanawake wawili hawakutusalimia. Mama Marcelline alitusalimia, tena kwa sauti, kama mtu anayetaka aonekane. Na leo kapita amemwambia Baba kwamba kuanzia wiki ijayo atahamia Kakontwe, kwenye machimbo ya mawe ya chokaa. Ni mbali, na vumbi lake ni baya. Mama aliuliza kama anajuta. Baba alikuwa amempakata Rosalie. Alisema mawe hayajui kabila la mtu, na kwamba yeye amelala vizuri jana, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu Septemba.

Mama Julie amekuja jioni hii kuomba radhi kwa sababu ya sauti yake. Mama alimwambia aketi, akamwekea mtoto mapajani, akaenda zake kupika.

Binti yako wa ubatizo hajambo. Hajapata homa.

Wako mpenzi,
Élise


Kasai
12 Agosti 1962

Élise mwanangu,

Barua hii inapita kwa Masista watatu na mapadri nisiowajua, kwa hiyo ikifika imekunjika usinilaumu.

Niko kwa mama mkwe wangu. Safari ilikuwa ndefu na sitaki kuisimulia. Nilimkuta mzee ameshapata habari, ameketi mlangoni, na tulipoonana tulikaa chini wote wawili bila kusalimiana. Mwezi uliopita walinitoa matanga. Shemeji zangu walininyoa, mama mkwe akaniogesha na kunivika kitambaa kipya, na asubuhi yake tulikwenda misa. Padri wa hapa hakuuliza maswali. Ni mtu mwenye busara au ana usingizi.

Barua yako ya ubatizo nimeisoma mpaka karatasi imekuwa laini kama nguo. Niliwasomea watu wa hapa. Walitaka kujua Julie ni kabila gani, na wewe je. Nikawaambia. Mama mkwe akasema nisome tena pale mtoto aliposhtuka.

Mwambie baba yako namwombea kila siku kwa ajili ya hayo mawe. Mwambie Julie kwamba nami nimewahi kukosa sauti kanisani, siku ya mazishi ya Germain, na wenzangu waliimba kwa niaba yangu. Hakuna deni hapo.

Jana shemeji mdogo alikuja na mtoto wake wa miezi minne. Alikuwa na kazi ya mikono miwili, akaniwekea mtoto bila kuniuliza, akaenda. Nilibaki naye. Alikuwa wa kwanza tangu Januari. Nilimweka begani, nikamshusha, nikamweka tena, nikijaribu kukisia. Anakaribia umri wa Rosalie, lakini huyu ni mvulana na mama yake anamlisha uji mapema.

Kwa hiyo niandikie hili kabla ya mengine yote, halafu uandike mengine: ni mzito kiasi gani sasa? Usiniambie kwa kilo. Niambie anafanana na kubeba nini.

Mama yako, na mama wa ubatizo wa Rosalie,
Clotilde Ntumba